Kinu Kimoja, Michi Miwili

Fedha ya korosho iliingia Jumanne.
Mnada wa nne, tani tatu na magunia ya kuokoteza,
makato ya ushirika, makato ya gunia, makato yasiyo na jina,
na kilichosalia nikaenda nacho kwa Hashimu Nampota
anayeuza magari nyuma ya ghala, hapa Newala.

Jeupe. Limepakwa nta hadi nzi wanateleza.
Mita inasema kilometa elfu sitini na mbili;
mpira wa pedali ya breki unasema vingine,
umelika upande mmoja kama ndara ya msikitini.
Sikusema kitu. Mnunuzi mwenye mdomo hulipia mdomo wake.

"Hili si otomatiki ya kubahatisha, Bi Somoe.
Lina klachi mbili. Moja inashika gia za witiri,
ya pili inashika za shufwa. Hii ikiachia,
ile ilikwisha kujiandaa zamani.
Hutasikia kitu. Utadhani umelala."

Nikacheka kimoyomoyo. Kazi hiyo naijua.
Kitangari, ua wa nyuma, mimi na dada yangu Sijaona,
kinu kimoja, michi miwili, makopa ya muhogo.
Wake ukipanda wangu unashuka,
wangu ukitoka wake umeshafika,
wala hatukuhesabu; aliyehesabu alikosea.
Mpaka siku ile ya ugomvi wa kitenge:
michi ikakutana katikati ya hewa
na mtetemo ukatuingia viwikoni, ukapanda hadi magegoni.
Unga wa siku ile ulikuwa na vibanzi.

Mjini gari lilikwenda kama uji uliopoa unavyoshuka kooni.
Nikasema, twende mteremko wa kuelekea Masasi, tushuke, tupande.
Hashimu akasema mafuta kidogo. Nikaweka lita tano.
Akasema jua kali. Nikasema ndiyo maana.

Kupanda, tukakwama nyuma ya lori la korosho
linalojikongoja kama linatambaa kwa tumbo.
Kona ya kwanza, salama.
Kona ya pili, gari likameza mate.
Ya tatu likaanza kutetemeka, joto lote lile,
kama mwenye homa aliyefunikwa mablanketi,
na harufu ikaja, ya kamba ya katani inayoungua.
Hashimu akaongeza sauti ya redio.
Nikaizima.
Viwiko vyangu vilikwisha kujua.

Fundi Likwanda alilala chini yake nusu saa,
akatoka na jani la mkorosho kichwani.
"Klachi mbili si dhambi. Zipo zinazooga mafuta,
hizo zina subira. Hizi zake ni kavu,
na kavu hazitaki foleni, hazitaki mlima,
hazitaki dereva anayelizuia gari mlimani
kwa kukanyaga mafuta badala ya breki.
Huko lilikotoka alilitunza nani? Hakuna daftari.
Mashine ya kulisoma ipo Dar, kipuri kipo Dubai,
mimi nipo hapa na spana namba kumi na saba."

Hashimu akapunguza milioni moja. Akapunguza na nusu.
Fundi akaandika kitu kiganjani kwa grisi, akanionyesha:
tatu, na alama ya kuuliza.
Nikarudisha ufunguo. Ulikuwa na kidude cha ngozi, kizuri sana.

Usiku nikampigia Sijaona, Lindi,
miezi minane hatujasemezana.
Nikamwuliza kama bado anacho kile kitenge.
Akanyamaza. Halafu akasema, "Kimechakaa. Unakitaka?"

Wiki ya pili nililiona lile gari
limefungwa riboni nyekundu, limembeba bibi harusi,
Hashimu mwenyewe kwenye usukani, kofia mpya.
Barabara pale ni tambarare.
Lilikwenda vizuri sana.